Uchakavu haustaafu: hesabu ya gari na nyumba kwa mwenye pensheni

Mtumishi wa umma akistaafu, jambo la kwanza analoshauriwa mtaani ni mradi. Mmoja humpigia debe kuku wa mayai, mwingine bodaboda mbili tatu, mwingine vyumba vya kupangisha. Ni wachache wanaomuuliza tairi za gari lake zilitengenezwa mwaka gani, au mara ya mwisho fundi kupanda juu ya bati lake ilikuwa lini. Mradi ukishindikana mtu huweza kuuacha. Nyumba anayolala na gari analoendesha haviachiki kirahisi, na vyote viwili vinaendelea kuchakaa pale ambapo mshahara umekoma.

Hoja ya safu hii ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita dharura kwenye gari na nyumba haistahili jina hilo. Ni gharama ambayo bei yake inakisika, ila tarehe yake haijulikani. Gharama ya namna hiyo hugawanywa kwa miezi na kulipiwa kidogo kidogo kabla kitu hakijaharibika. Kinachobaki baada ya hapo ndicho dharura ya kweli, nacho kina ukubwa unaoweza kupimwa.

Tuipime kwa mstaafu wa mfano: mwalimu wa Morogoro mwenye nyumba ya vyumba vitatu na Toyota IST. Bei za spea, vifaa na ufundi nitakazotumia ni za mfano. Msomaji aweke za mtaani kwake. Mpangilio wa hesabu utabaki uleule.

Mkupuo ni pesa ya namna gani

Kikokotoo cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kinaanza na wastani wa mshahara bora wa mwaka. Huo unazidishwa kwa miezi ya kuchangia, kisha unagawanywa kwa 580. Mwalimu wetu amechangia miezi 420, yaani miaka 35, na wastani wa mshahara wake bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ya mwaka inakuwa 10,427,586. Sehemu ya fedha hiyo huzidishwa mara 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Sehemu iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi.

Ukubwa wa sehemu hiyo ndio uliozua mjadala wa miaka mingi. Sheria ya 2018 iliunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, na kanuni zake zikauteremsha mkupuo hadi asilimia 25. Malalamiko yakawa makubwa, kanuni zikasitishwa Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaanza kutumika asilimia 33. Bajeti ya Juni 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipata 50, na hadi 35 kwa lile lililokuwa likipata 25.

Tuliweke badiliko hilo kwenye mfuko wa mwalimu. Kwa asilimia 33 angepata mkupuo wa 43,013,793 na pensheni ya 582,207 kwa mwezi. Kwa asilimia 40 anapata mkupuo wa 52,137,931 na pensheni ya 521,379. Mkupuo umeongezeka kwa 9,124,138, na pensheni imepungua kwa 60,828 kila mwezi. Ukigawanya ongezeko kwa upungufu unapata miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Hiyo ndiyo 12.5 ya kwenye kikokotoo ikijitokeza tena.

Maana yake ni kwamba milioni 9 za nyongeza ni pensheni ya mwalimu mwenyewe ya miezi 150 ijayo, amekabidhiwa mapema. Akizimaliza mwaka wa kwanza, ataishi miaka iliyobaki na pensheni pungufu bila kitu cha kuifidia. Na akijaliwa kuishi zaidi ya miezi 150, upungufu utaendelea kumfuata. Nyongeza hiyo ina faida endapo itatumika kwa kazi ambayo pensheni ya mwezi haiiwezi. Gharama inayokuja kwa mkupuo ilipwe kwa mkupuo, na inayokuja kila mwezi ilipwe na pensheni. Sasa tutenganishe ipi ni ipi.

Orodha ya vitu na miezi yake

Chukua daftari, andika kila kitu kinachochakaa, bei ya kukibadilisha, na muda kinaodumu. Kisha gawanya bei kwa miezi. Kwa gari la mwalimu orodha inasomeka hivi:

- Tairi nne: 600,000 kwa miezi 48, yaani 12,500 kwa mwezi.
- Betri: 180,000 kwa miezi 36, yaani 5,000.
- Oili, filta na plagi: 100,000 kila miezi 5, yaani 20,000.
- Breki, shokapu na bushi: 720,000 kwa miezi 36, yaani 20,000.
- Bima ndogo: 100,000 na VAT ya asilimia 18, jumla 118,000 kwa mwaka, karibu 10,000 kwa mwezi.

Jumla ya gari ni 67,500 kwa mwezi, kabla ya kuweka hata tone la mafuta. Nyumba nayo ina yake:

- Rangi, misumari ya bati na ukarabati wa paa: 1,800,000 kwa miezi 72, yaani 25,000.
- Friji: 900,000 kwa miezi 120, yaani 7,500.
- Pampu ya maji: 300,000 kwa miezi 60, yaani 5,000.
- Kunyonya shimo la majitaka: 120,000 kila miezi 24, yaani 5,000.
- Vitasa, koki, taa na soketi: 10,000.

Nyumba inafikia 52,500. Vyote pamoja ni 120,000 kwa mwezi, asilimia 23 ya pensheni ya mwalimu. Tarakimu hiyo hushtua, lakini gharama zenyewe zilikuwepo hata alipokuwa kazini. Tofauti ni kwamba zilikuwa zikijificha nyuma ya mshahara, posho za safari na mkopo wa Saccos.

Serikali yenyewe inaijua mbinu hii. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi badala ya 18,000 kwa mara moja. Mkusanya kodi aligundua kwamba mtu hulipa kwa urahisi kile kinachokatwa kabla hajakishika. Mstaafu anaweza kujikata vivyo hivyo: siku pensheni inapoingia, benki ihamishe kiasi cha uchakavu kwenda akaunti nyingine kwa maagizo ya kudumu.

Deni la siku ya kwanza

Hapa ndipo mipango mingi mizuri huanguka. Mtu anaanza kuweka 120,000 kwa mwezi, na mwezi wa nne tairi mbili zinapasuka. Akiba ina 480,000, betri nayo imekufa, akiba yote inaisha, anakata tamaa na kusema mpango haufanyi kazi. Mpango haukuwa na kasoro ila ulianzia sifuri, wakati vitu vyenyewe vilikwisha tumika kwa miaka.

Kitu kilichokwisha ishi nusu ya umri wake kinadai nusu ya bei yake. Kwa hiyo kwenye daftari ongeza safu ya umri wa kila kitu leo. Tairi usilikadirie kwa macho. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne zilizofungiwa peke yake. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lipo linaloonekana zuri, halijawa kipara, lakini mpira umekakamaa na umeanza mipasuko midogo ubavuni. Magari yanayoingia kutoka Japani huja na tairi za umri wowote, na tairi za mtumba za dukani vivyo hivyo. Tarakimu hizo nne ndizo zitakazokuambia ulianza kudaiwa lini.

Tuseme tairi za mwalimu zina miezi 30: deni 375,000. Betri ina miezi 24: 120,000. Breki na shokapu, miezi 24: 480,000. Rangi na paa, miezi 48: 1,200,000. Friji, miezi 84: 630,000. Pampu, miezi 36: 180,000. Shimo, miezi 12: 60,000. Jumla ni 3,045,000.

Hicho ndicho kiasi kinachopaswa kuwekwa siku ya kwanza, na hakina budi kutoka kwenye mkupuo. Kikiwepo, ile 120,000 ya kila mwezi inatosha kweli. Kisipokuwepo, mstaafu atakuwa akikimbizana na deni ambalo hakuliandika popote.

Mpira wa rejeta na injini

Dharura za kweli nyingi huzaliwa na kitu kidogo kilichoachwa. Tazama gari linavyochemsha. Mpira wa rejeta unakauka kwa joto la miaka, unapata ufa karibu na kibano, maji yanadondoka kidogo kidogo. Asubuhi kuna doa chini ya bampa la mbele. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikishachemka. Kati ya taa hizo mbili dereva hana habari yoyote. Taa nyekundu inapowaka yuko kwenye mwinuko, anasema atafika tu. Silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, na fundi akichomoa kijiti cha kupimia anakuta oili imegeuka chai ya maziwa. Mpira mpya ungegharimu 30,000. Injini ya mtumba na ufundi wake, tuseme 2,500,000.

Juu ya nyumba mambo ni hayohayo. Msumari wa bati una kipande cha mpira chini ya kichwa chake. Jua likikikausha, tundu linabaki wazi, maji ya masika yanashuka hadi kwenye jipsamu, na doa la ukubwa wa sahani linageuka kipande cha dari sakafuni. Fundi akipanda Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, anabadilisha misumari na kushuka siku hiyohiyo.

Wahenga walituachia ya ufa na ukuta. Hawakutuambia ufa uzibwe kwa pesa ipi, na hilo ndilo swali la mstaafu. Mara nyingi ufa hauzibwi kwa sababu pesa iliyopo mkononi ni ya unga na mboga, na iliyobaki imefungwa mahali isipofikika wiki hiyo. Fedha ya matengenezo madogo lazima iwe karibu, na iwe na jina lake.

Kwa fundi nako kuna taratibu zinazookoa pesa. Omba bei igawanywe sehemu tatu: spea, ufundi, na usafiri wa kuifuata spea. Omba spea ya zamani urudishiwe, hata kama ni takataka. Fundi anayejua utaiomba atabadilisha kweli. Injini na gia boksi za mtumba ni jambo la kawaida na linakubalika kihesabu. Breki, tairi na viungo vya usukani nunua vipya, hata kama muuza spea anaapa kwamba vya mtumba ni imara zaidi.

Ukubwa wa dharura ya kweli

Ukishaondoa vyote vinavyochakaa kwa ratiba, dharura zinazobaki ni chache: injini au gia boksi kufa, upepo kung'oa bati, ajali, hitilafu ya umeme kuunguza vifaa. Bima ndogo hulipa hasara ya mtu uliyemgonga, gari lako halimo. Bima kubwa hulipa ajali na wizi, lakini haigusi uchakavu.

Ushauri uliozoeleka ni kuweka akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Kipimo hicho kinamfaa anayeweza kupoteza kazi. Mstaafu kazi hana ya kupoteza, na pensheni yake inaendelea kuingia mradi anafanya uhakiki kwa wakati. Kwake kipimo kinachofaa ni pigo moja kubwa kuliko yote, pamoja na nyongeza ya pigo dogo litakaloweza kufuatia kabla mfuko haujajazwa tena. Kwa mwalimu pigo kubwa ni injini, 2,500,000. La pili tuseme sehemu ya paa, 1,500,000. Mfuko wa dharura ni 4,000,000.

Jumlisha na deni la uchakavu: 7,045,000. Rudi sasa kwenye zile 9,124,138 zilizoongezwa na badiliko la 2024. Nyongeza inafunika mifuko yote miwili na kubakiza milioni 2. Kwa mwalimu huyu, asilimia 40 ni neema ikitumika hivyo. Ikiyeyukia kwenye kuboresha gari, imemgharimu 60,828 kila mwezi kwa maisha yake yote.

Pesa ikae wapi

Panga fedha kwa kasi inayohitajika. Laki sita hivi zikae benki kwenye akaunti ya akiba, mbali na simu ya kila siku, kwa ajili ya mpira wa rejeta na misumari ya bati. Zilizobaki za deni la uchakavu na mfuko wa dharura zinaweza kukaa kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ulioanzishwa 2013, ambao hautozi gharama ya kujitoa na hulipa ndani ya siku chache za kazi. Gari lililokufa injini laweza kusubiri siku hizo gereji.

Hatifungani za serikali hazifai kuwa mfuko wa dharura. Ukitaka kuuza kabla ya muda lazima apatikane mnunuzi sokoni, na bei yaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Lakini zinafaa sana kulipia ule uchakavu wa kila mwezi. Kuponi hulipwa mara mbili kwa mwaka. Milioni 12 zikiwa kwenye hatifungani yenye kuponi ya asilimia 12 hulipa 720,000 kila miezi sita, jumla 1,440,000 kwa mwaka, ambayo ni ileile 120,000 kwa mwezi. Mwalimu akichagua toleo linalolipa Februari na Agosti, pesa inafika kabla ya masika na kabla ya vuli, na pensheni yake inabaki nzima kwa chakula.

Tahadhari ipo moja. Kuponi haipandi, bei ya tairi inapanda. Hata kwa mfumuko mpole wa asilimia 3 kwa mwaka, kiwango ambacho Tanzania imekuwa ikikizunguka miaka ya karibuni, gharama ya 120,000 itakuwa kama 161,000 baada ya miaka kumi. Ndiyo maana daftari lifunguliwe kila Januari, bei ziandikwe upya, na pengo lijazwe kutoka kwenye pensheni au kwa kuongeza hatifungani.

Kiwanja na shamba ni mali, lakini kwa dharura ni vya mwisho. Anayeuza kiwanja kwa sababu gari liko gereji atauza kwa bei ya mnunuzi. Mkopo wa benki unaodhaminiwa na pensheni una nafasi yake kwa pigo lililozidi mfuko, maadamu makato yanaacha chakula. Mikopo ya kausha damu haina nafasi kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni, na anayekopeshwa dakika mbili bila kuulizwa kipato ajue riba imeshafanya kazi ya kumuuliza.

Mifuko hii pia isichanganywe na ukoo. Michango ya misiba, harusi na ada za wajukuu ni halali, iwekewe fungu lake au ipitie mfuko wa jamii wa Vikoba. Mfuko wa gari usipokee simu ya mtu yeyote isipokuwa fundi.

Gari libaki au liuzwe

Daftari likishakamilika, linajibu swali ambalo familia nyingi hulijadili kwa hisia. Gari la mwalimu linakula 67,500 kwa mwezi bila mafuta, asilimia 13 ya pensheni. Injini ikifa, gawanya 2,500,000 kwa miezi unayotarajia itadumu. Ikiwa ni 60, hiyo ni 41,667 zaidi, na gari limefikia 109,167, zaidi ya shilingi 20 katika kila 100 za pensheni. Linganisha na bajaji za kwenda kliniki, sokoni na kanisani au msikitini kwa mwezi. Anayeishi nje ya mji na mgonjwa wa kupelekwa hospitali mara kwa mara anaweza kuona bado linalipa. Anayelitoa Jumapili tu anahifadhi chuma, na siku nzuri ya kuliuza ni kabla injini haijafa.

Kazi ya mwaka wa mwisho kazini

Umri wa lazima wa kustaafu ni 60, kwa hiyo tarehe inajulikana miaka mingi kabla. Daftari hili lianze angalau mwaka mmoja nyuma, mshahara ukiwa bado unaingia. Mwalimu akibadilisha tairi, betri, breki na shokapu kwa mshahara wa miezi ya mwisho, deni lake la siku ya kwanza linapungua kwa 975,000, kutoka 3,045,000 hadi 2,070,000. Shilingi hiyo ya mshahara inaokoa shilingi ya mkupuo, na ya mkupuo, kama tulivyoona, imenunuliwa kwa pensheni ya miaka 12 na nusu. Semina za wastaafu watarajiwa zina mada nyingi za ujasiriamali. Zikiongeza saa moja ya kila mtu kuandika umri wa tairi zake na bei ya bati lake, washiriki wataondoka na hesabu inayowahusu wote, wawe na mradi au wasiwe nao.